Siku Mama Alipokataa Ingobyi

Bonde la kwetu ni zuri sana. Husema hivyo kila anayelitazama kutoka juu, barabarani, akiwa amekaa kwenye pikipiki na injini inanguruma. Bado sijamsikia mtu aliyepanda kutoka chini na mkungu wa ndizi kichwani akisema hivyo. Huyo huwa hana pumzi ya kusifia chochote. Anatua mzigo, anafuta jasho, anauliza kama bodaboda ya kwenda Rulenge imeshapita.

Mimi nililihama bonde hilo miaka ishirini na miwili iliyopita, na tangu hapo nimekuwa msifiaji wake mkubwa. Nyumbani kwangu Tanga nimetundika picha yake sebuleni: migomba chini, mikaratusi kwenye kingo, ukungu katikati, na kijito kinachoteremka kuutafuta mto Ruvubu. Wageni wakiuliza, nawajibu, "Huko ndiko kwetu," kwa sauti ya mtu mwenye mali. Ukiikazia macho picha hiyo utaona bati la nyumba ya mama yangu, dogo kama ukucha. Kwa muda mrefu hivyo ndivyo nilivyomwona mama.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana nikapigiwa simu na jirani yetu wa bondeni, mzee ambaye ndiye mkuu wa chama cha ingobyi. Ingobyi ni machela yetu, imesukwa kama kitanda chembamba na kufungwa kwenye miti miwili mirefu. Barabara haishuki kule chini. Mgonjwa asiyeweza kutembea hulazwa humo, wanaume wanne wakaitia mabegani, wengine wakafuata nyuma kupokezana, mpaka juu kwenye gari au pikipiki. Kila nyumba inatoa bega. Chama chenyewe hakina katiba wala muhuri, na pengine ndiyo maana kinafanya kazi.

"Mama yako mguu umevimba," mzee alisema. "Kidonda kimeingia ndani. Muuguzi wa zahanati amemfuata mpaka kitandani, amesema apelekwe hospitali upesi, akichelewa mguu utakatwa. Tumekwenda na ingobyi mara mbili. Hataki kupanda."

"Kwa nini hataki?"

"Njoo umuulize wewe. Sisi ametufukuza."

Nikaaga kazini, nikafunga begi. Nilikuwa na kazi moja tu duniani: kumfanya mama akubali kubebwa kabla mguu haujaoza. Mke wangu akasema nisisafiri peke yangu na mawazo, akanipa mdogo wake wa kiume anisindikize. Shemeji yangu huyu ana ukurasa mtandaoni ambako anaonyesha watu mahali pazuri pa kutembelea. Alikuwa ameitazama ile picha ya sebuleni kwa miaka, na sasa mguu wa mama mkwe wa dada yake ulikuwa umempatia nafasi. Alibeba kamera, kofia pana, na kaptula mbili. Mimi nilibeba dawa za maumivu na wasiwasi.

Safari ilituchukua siku mbili. Tulilala Kahama, na asubuhi ya Jumanne tukaingia wilaya ya Biharamulo kupitia Nyakanazi, ambapo shemeji alishuka kununua muhogo wa kuchoma na kumwuliza muuzaji kama eneo lina vivutio. Yule mama akamtazama kofia, akamjibu kwamba kivutio ni muhogo, aongeze wa pili. Kutoka hapo mpaka Ngara shemeji alikuwa amebandika uso dirishani. Kila kilima, "Mashallah." Kila ng'ombe wa pembe ndefu, "Mashallah." Nilimwambia apunguze, vilima bado ni vingi, atakosa za kutosha kwa bonde lenyewe.

Ngara mjini tukachukua bodaboda mbili. Tulipofika ukingoni mwa bonde letu, jua lilikuwa linaanza kulala na ukungu unajikusanya kwenye kijito. Shemeji alishuka kwenye pikipiki, akavua kofia kama aliyeingia kanisani.

"Shemeji," akasema, "kumbe mlikuwa mnaficha kitu hiki? Kwetu pwani tuna bahari, sawa, lakini bahari ni tambarare. Hapa pangejengwa vibanda vya wageni. Watu wangelala hapa wakiamka wanaona hivi."

"Watu wanalala hapa," nilimwambia. "Wakiamka wanaona mlima wa kupanda."

Lakini alikuwa ameshaanza kupiga picha. Nami, nisiwe mnafiki, nilisimama pale dakika nzima nikilitazama bonde, na moyo ukanijaa. Niliona aibu kwamba umejaa, maana nilijua kilichonileta.

Kushuka ni saa moja kwa mwenyeji. Sisi tulitumia saa mbili, na nusu ya mteremko niliushuka kwa makalio. Watoto walitupita wakiwa na madumu ya maji vichwani, wakatusalimia shikamoo bila kumwaga tone.

Mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha chumba cha mbele, mguu wa kulia umeinuliwa juu ya mto. Harufu ya kidonda ilinifika kabla ya sauti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko pwani hawali ndizi?"

Nilitaka kulia, nikajifanya natafuta mahali pa kuweka begi. Pembeni mwa chumba niliona kiti cha magurudumu nilichomtumia mwaka jana, mguu ulipoanza kusumbua. Nilikuwa nimejivunia sana kiti kile, mpaka nikawaonyesha wenzangu ofisini risiti. Tatizo ni kwamba ukikisukuma nje ya mlango wa mama, kinakwenda chenyewe hadi kijitoni. Kuku alikuwa amelalia mayai juu yake. Angalau kuna mmoja katika familia aliyenufaika na akili zangu.

Usiku ule mama hakutaka kuzungumza habari za hospitali. Alimwuliza shemeji habari za wazazi wake, za dada yake, za bahari, kama ni kweli maji yake yana chumvi na kama basi watu wa huko hawanunui chumvi. Mimi kila nikianza, "Mama, huo mguu," alinijibu, "Kula kwanza." Nikala kwanza. Hata leo sijui kwa nini sikupiga kelele usiku huohuo.

Jumatano asubuhi, umande haujakauka, wanaume wanane walikuwa uani na ingobyi. Mzee mkuu wa chama alikuwa mbele, koti kubwa, buti za mpira. Nilimsalimia, nikamshukuru, nikaingia ndani kwa mama kwa furaha ya mtu anayedhani kazi imekwisha.

"Mama, wamekuja. Twende."

"Waambie wakapalilie mashamba yao. Sipandi."

"Unaogopa hospitali?"

"Hospitali nimekuzalia wewe. Niogope nini?"

"Sasa nini?"

Akaongea kwa sauti ya kusikika mpaka uani, kusudi.

"Nyumba hii haina bega. Baba yako alibeba watu mpaka siku aliyobebwa yeye. Tangu afe, ni nani ametoka hapa akaweka bega chini ya mti? Mtoto wa huyu jirani kabeba. Wa yule kabeba, na mgongo wake mbovu. Mimi nimekoroga uji wa wabebaji mpaka mwiko umekwisha. Lakini uji si bega. Nitapanda vipi juu ya mabega ya wenzangu, na mimi nina mtoto mwanaume, mzima, ana meno yote?"

Mzee akaingiza kichwa mlangoni. "Mama, hilo sisi tulishakusamehe."

"Mmenisamehe nyinyi. Mimi sijajisamehe."

Hapo niliona njia. Nilivua koti, nikajipiga begani. "Basi bega hili hapa! Nitakubeba mimi mwenyewe, mbele, mpaka juu. Imekwisha."

Uani watu wakacheka, kicheko cha huruma kabisa. Mzee ndiye aliyenieleza, polepole, kama anayemweleza mgeni wa serikali: kumbeba mama yako hakuhesabiwi. Hiyo ni shida yako. Hata mwizi humbeba mama yake. Bega la nyumba huhesabiwa pale unapombeba mtu wa mwenzio, asiyekuhusu, aliye mzito, siku uliyokuwa na kazi zako.

"Haya," nikasema, "nipeni mgonjwa nimbebe."

Wakatazamana. Hakukuwa na mgonjwa. Bonde zima, kuanzia kijitoni mpaka kwenye mikaratusi, siku hiyo lilikuwa na afya ya kutisha. Bonde ambalo kila simu niliyopigiwa kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa ya homa, ya uzazi, ya kuangukiwa na mti, sasa lilikuwa limepona lote kwa pamoja, ili kunikomoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini nadhani hawakumaanisha hivi. Mwanamke mmoja mzee akapita njiani akikohoa, na wanaume tisa tukageuka kwa pamoja. Akasema ni moshi wa jikoni, akaharakisha hatua. Mimi, niliyebatizwa na kupewa kipaimara, nilikuwa nimesimama uani kwa mama yangu nikimwomba Mungu mtu augue.

Nilimrudia mama, nikambembeleza, nikamkaripia, nikamtisha kwa maneno ya yule muuguzi. Alinisikiliza, akageukia ukutani. Ningeweza kuwaambia wale wanaume wamkamate kwa nguvu. Nililifikiria. Mzee aliona nikilifikiria, akatikisa kichwa.

Ndipo mmoja wao akakumbuka. Kulikuwa na mzee wa upande wa pili wa kijito, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Alikuwa ameruhusiwa na angefika juu barabarani mchana ule, wanawe wamfuate jioni.

"Kumteremsha kunahesabiwa?" nikauliza.

Wakajadiliana. Swali lilikuwa zito, wakakaa chini. Wengine walisema bega ni kupandisha. Kuteremsha hata mawe huteremka. Wengine wakasema kuteremsha ni kugumu zaidi, magoti ndiyo yanayojua. Wakamwuliza mama. Mama akafikiri, akasema, "Kama ni huyo ninayemjua, kunahesabiwa."

Nilipomwona nilielewa. Alikuwa mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona wakitoka hospitali. Watu huingia huko wakakonda; yeye alikuwa amenenepa. Alikaa juu ya jiwe na mfuko wa dawa mapajani, na alipoambiwa atabebwa na mtoto wa fulani aliyetoka Tanga kwa ajili yake, aliguswa sana. Alijilaza kwenye ingobyi, akakunja mikono kifuani kama askofu.

Nikawekwa mbele kulia. Mti uliponilalia begani nilisikia mfupa ukiuliza kuna nini. Hatua ishirini, shati limelowa. Hatua hamsini, nilikuwa nimeacha kuona bonde, zuri au baya. Nilichoona ni visigino vya mzee mkuu aliyetangulia kutuonyesha njia. Na yule mgonjwa wetu alikuwa mtu wa watu. Kila nyumba tuliyoipita aliinua kiganja: "Simameni kidogo nisalimie." Tukasimama, mti begani, yeye akauliza habari za mbuzi, za mahindi, za mtoto aliyekwenda kusoma Rulenge, na akaeleza upasuaji wake tangu mwanzo. Kwenye nyumba ya nne alikaribishwa pombe ya ndizi. Alikataa kwa sababu ya dawa, lakini alikataa kwa kirefu.

Shemeji alikuwa pembeni, kamera machoni. "Shemeji, inua kichwa kidogo," alisema. "Nyuma yako bonde limetoka vizuri sana." Nilimwambia neno ambalo mdogo wa mke wangu hakustahili kuambiwa, na baadaye nilimwomba radhi. Wenzangu walinibadilisha mara tatu. Nilikataa mara ya nne, kwa kiburi tu, nikamfikisha mtu yule mlangoni kwake. Mkewe akanipa maji. Nilikunywa nikiwa nimelala chali kwenye majani, na nakiri nilifurahi. Nilikuwa na bega lililochubuka na nyumba yetu ilikuwa na bega. Nikawaambia, "Sasa tukamchukue mama."

Mvua ikaanza palepale. Mvua ya kwetu haidondoki, inamwagwa. Ndani ya robo saa njia ya kupandia ilikuwa tope jekundu la kuteleza, na mzee mkuu akasema mgonjwa hapandishwi juu ya tope. Wakiteleza na kumwangusha hapatakuwa tena na mguu wa kujadili. Tungesubiri mpaka asubuhi. Nilirudi kwa mama nimelowa, nikamwonyesha bega. Aliligusa kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Kesho napanda," akasema.

Usiku ule homa yake ilipanda. Niliweka kitambaa cha maji kwenye paji la uso wake, nikahesabu matone kwenye bati.

Alhamisi alfajiri akavalishwa kitenge kipya, akafungwa kilemba, akalazwa kwenye ingobyi. Mara hii alikuwa malkia. Aliwaamkia wabebaji mmoja mmoja kwa majina. Mimi nikachukua nyuma kushoto, nikiwa nimeweka taulo begani, jambo lililowafurahisha wengi. Tulipofika kwenye kona ya kwanza ya mlima, nikasikia sauti yake kutoka ndani ya machela.

"Nani huyo nyuma kushoto? Ananiinamisha. Mbadilisheni."

Wakanibadilisha. Nikaumaliza mlima nikiwa nimebeba kandambili zake. Zilikuwa nyepesi sana, na njia nzima niliziangalia, ya kulia na ya kushoto, nikijiambia nisiwaze ninachowaza.

Hospitali walimpokea haraka. Daktari, kijana mpole, alifungua kidonda, akakitazama, akaniita pembeni. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba uozo umepanda, kwamba angefika jana asubuhi labda wangeondoa vidole viwili, lakini sasa itabidi wakate chini ya goti. Alisema "labda". Neno hilo nimelishika mpaka leo, sijui kama anajua alichonipa.

Wakamkata Ijumaa. Jumamosi alikuwa amekaa kitandani, mweupe kidogo midomoni, akiuliza kama wale wabebaji walikunywa uji kabla ya kurudi. Shuka lilikuwa limelala bapa mahali ambapo mguu ulipaswa kuwa. Niliangalia hapo, na hasira niliyokuwa nimeimeza tangu Jumatano ikanitoka mbele ya wodi nzima.

"Siku moja, mama!" nilisema. "Walikuja Jumatano na ingobyi, walisimama mlangoni kwako. Daktari amesema siku moja. Umeuza mguu kwa siku moja, kwa ajili ya majivuno!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza nyuso. Mama hakukasirika. Alinitazama kama anayetafuta kitu usoni kwangu, kitu alichokiweka hapo mwenyewe zamani.

"Siku moja umeiona," akasema taratibu. "Umeihesabu vizuri. Na ile miaka ishirini na miwili, mwanangu, ulikuwa hujui kuhesabu?"

Nikavuta kiti karibu na kitanda, nikauchukua mguu wake uliobaki, nikaupakata, nikaanza kuukanda. Ulikuwa wa baridi, na kisigino chake kilikuwa kimepasuka kwa kupanda mlima.